Keshia Namba Saba

Mama Sindano alisimama mbele ya rafu ya sabuni za unga akahesabu kimoyomoyo. Moja, mbili, tatu. Kazi yake ilikuwa kujua ni muda gani unapita tangu mteja aingie dukani hadi mfanyakazi wa kwanza amsalimie, tena asiangalie saa, maana mteja wa kweli haingii dukani akiangalia saa. Alipofika mia moja na arobaini akapita mwanamume mwenye aproni ya kijani akisukuma toroli lililojaa katoni. Hakumsalimia. Alimwambia, "Samahani, mama, sogea kidogo." Mama Sindano akasogea, na akabaki na mzigo kichwani: je, hiyo nayo ni salamu? Fomu aliyopewa ilijua ndiyo na hapana tu. "Samahani, mama, sogea" haikuwekewa mahali.

Jina la Sindano alipewa na majirani. Kwa miaka ishirini na miwili alishona barazani kwake sare za shule, mapazia, na suruali za wanaume wanaokwenda kuposa. Kisha macho yakaanza kumsaliti. Vya mbali aliviona kama zamani, angeweza kukuambia nani anakuja toka mwisho wa barabara na kwamba amekasirika, lakini vya karibu viliingia ukungu. Uzi aliuona, sindano aliiona, tundu la sindano ndilo lililohama. Mteja wake mmoja wa siku nyingi alimrudishia suruali, akamwambia kwa heshima kwamba mguu mmoja unakwenda sokoni na mwingine unarudi nyumbani. Mama Sindano aliomba radhi, akaifumua, na baada ya hapo cherehani ikafunikwa shuka.

Mpima macho alimtengenezea miwani. Alitanguliza nusu ya bei, nusu ya pili ikamshinda, na miwani ikakaa kwenye droo ya mpima macho ikiwa na karatasi yenye jina lake. Aliambiwa atatunziwa mpaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ikipita hiyo, vioo vitatolewa na fremu itarudi kabatini kuuzwa kwa mwingine. Kwa hiyo miwani ilikuwa ni cherehani, na cherehani ilikuwa ni chakula, na yeye aliyajua hayo bila kuchorewa.

Aliyemletea kazi ya mteja wa siri alikuwa mtoto wa mdogo wake, binti anayesuka nywele saluni na kuishi naye nyumba moja. Alikuja nayo kwenye simu kama aliyeokota dhahabu.

"Mama mkubwa, unaingia dukani, unanunua kitu, unaandika walivyokuhudumia, unalipwa. Unalipwa kwa kununua."

Mume wa Mama Sindano, mlinzi wa ghala ambaye miguu yake ilikuwa kwenye beseni la maji ya moto, alisema yeye amenunua vitu miaka hamsini na hajawahi kumwona aliyemlipa kwa kazi hiyo. Binti akamwambia, baba mkubwa, wewe hukujiandikisha.

Basi akaandikishwa, na ndipo alipojifunza kwamba tamu ya kusikia si tamu ya kula. Kwanza ununue kwa pesa yako. Kampuni itakurudishia, lakini kwa kiwango chake, na ukipitisha kiwango hicho, kilichozidi ni sadaka yako. Nauli ni yako. Ziara sita ndizo zinazofanya mzunguko mmoja, na malipo hutoka mzunguko mzima ukishakubaliwa. Ripoti moja ikikataliwa, zote sita zimekwenda na maji. Halafu lazima uombe risiti. Hapo ndipo kichekesho kilipokuwa, kwa sababu katika maduka yale watu walilipa wakaondoka, na mtu aliyesimama kudai risiti ya kiberiti kimoja alitazamwa kama ametumwa. Na kweli alikuwa ametumwa. Duka moja walinzi walikwishamwona mara mbili, wakampa jina la Mama Risiti, na yeye akalazimika kucheka nao ili isijulikane kwamba wamempatia.

Mzunguko wa kwanza uliuawa na saa. Aliandika kwamba aliingia dukani saa nne na dakika kumi asubuhi, kama alivyofundishwa na mama yake na kama anavyosema kila mtu barabarani. Risiti ilisema saa kumi na dakika ishirini na nne. Ripoti ikarudi na maneno manne mekundu: muda hauoani na risiti. Binti alimweleza kwamba mashine huanza kuhesabu siku tangu usiku wa manane.

"Mtu anaanzaje kuhesabu siku naye bado amelala?" Mama Sindano aliuliza.

Walikula mkate wa mzunguko ule, wakafulia sabuni yake, wakaoshea vyombo dawa yake. Malipo hayakuja. Alikuwa ametoa akiba ya mchango wake wa kikundi ili anunue vitu ambavyo hakuvihitaji katika maduka ambayo hakuyapenda. Hasira aliyokuwa nayo aliimeza, kwa kuwa ni mwanamke aliyelelewa kumshukuru Mungu hata kwa kidogo, lakini ilikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mzunguko wa pili aliufanya kwa uangalifu wa mtu anayebeba mayai. Alikariri maswali yote ishirini na saba. Alijifunza kujifungia chooni kwenye maduka, akisema maneno taratibu kwenye simu ili binti ayaandike baadaye. Ziara ya kwanza ikakubaliwa, ya pili, ya tatu, mpaka ya tano. Ya sita ilikuwa hii ya duka kubwa lenye aproni za kijani.

Alichukua paketi ya sabuni, akapanga foleni. Ilikuwa saa saba mchana, saa ya watu wenye njaa. Keshia aliyemfikia alikuwa amebana simu kati ya sikio na bega, anabishana na mtu habari ya kitanda kilicholetwa bila mbao za chini. Hakumtazama. Alipitisha sabuni, akataja bei hewani, akapokea noti, na chenji akaitupa juu ya kaunta, sarafu mbili zikabingirika hadi sakafuni. Mama Sindano aliinama kuziokota, na mgongo wake si wa kuinamainama. Akaomba risiti.

"Risiti ya sabuni moja? Haya. Sasa sogea, mama, unanizibia njia."

Aliyesema hivyo angeweza kuwa mwanawe wa mwisho. Mama Sindano alihisi uso unawaka. Fomu ilitaka namba ya keshia. Keshia alikuwa nayo kifuani, kwenye kitambulisho cha plastiki, ila maandishi yake yalikuwa madogo kama sisimizi na kwa umbali ule kwake yalikuwa ukungu mtupu. Hakutaka kuuliza, kwa sababu anayeuliza namba ya keshia amejitangaza. Lakini risiti huandika namba ya keshia chini kabisa. Jioni binti alimsomea: keshia namba saba.

Ripoti ikaandikwa. Alihudumia huku akizungumza kwenye simu? Ndiyo. Alimtazama mteja? Hapana. Alimkabidhi chenji mkononi? Hapana. Mama Sindano hakuongeza chumvi hata punje, aliyoyasema yote yalitokea. Siku tatu baadaye simu ikalia: ripoti zote sita zimekubaliwa, malipo yatatoka Ijumaa ya wiki ijayo. Kesho yake itakuwa Jumamosi, siku ya mwisho ya miwani. Alipiga magoti kando ya kitanda akashukuru kwa muda mrefu hivi kwamba mumewe alimwuliza kama anashukuru kwa niaba ya mtaa mzima.

Jumatano, siku mbili kabla ya malipo, alirudi kwenye duka lile kununua chumvi na majani ya chai ya nyumbani. Hakutumwa na mtu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi miwili anaingia dukani kama mteja wa kawaida, na alijisikia mwepesi. Kwenye rafu ya majani ya chai alikwama, maana bei hakuiona. Chini yake mwanamke mmoja alikuwa amepiga magoti akipanga makopo ya rafu ya mwisho, katoni tatu zikimngoja pembeni. Mama Sindano akamwomba msaada.

Mwanamke aliinuka, akafuta mikono kwenye aproni, akamsomea bei zote, na tarehe za mwisho wa matumizi, kisha akamtolea paketi iliyojificha nyuma ambayo ilikuwa nafuu zaidi. Akamwuliza kama ana kingine cha kusomewa.

"Mungu akubariki, mwanangu," Mama Sindano alimwambia. "Mtu kama wewe angefaa akae kaunta, siyo huku kwenye makopo."

"Nilikuwa kaunta, mama. Miaka minne. Wamenitoa wiki iliyopita."

Akaeleza huku akirudi kwenye makopo yake, bila kunung'unika, kama mtu aliyekwishaeleza mara nyingi bila kusikilizwa. Alisema kuna watu wanaitwa wateja wa siri. Mmoja wao ameandika kwamba keshia namba saba alimtupia chenji na kumfukuza. Namba saba ni yeye. Lakini saa ile alikuwa nyuma anakula. Keshia hufungua mashine asubuhi kwa namba yake, na akienda kula anatakiwa aifunge na mwenzake aifungue upya kwa namba yake mwenyewe. Mashine ile ni nzito, kufunga na kufungua ni dakika kumi, na foleni inapiga kelele. Kwa hiyo wote huiacha wazi na mwenzake anakaa tu. Risiti zikaendelea kutoka na namba saba.

Mama Sindano alishika rafu. Aliuliza kwa nini hakumweleza meneja.

"Nilimweleza. Mwenzangu akakana. Meneja akasema risiti haisemi uongo, na kama niliacha mashine wazi hilo nalo ni kosa. Keshia ana nyongeza yake kila mwezi, mpanga makopo hana." Aliweka kopo, akaligeuza picha itazame mbele. "Ningemwona huyo mteja wa siri ningemwuliza neno moja tu. Hakuwa na macho?"

Mama Sindano alilipa chumvi na majani ya chai. Aliyempokea pesa alikuwa yule yule wa simu na kitanda, kaunta ile ile, na safari hii hata akatabasamu. Mama Sindano hakuona ladha ya tabasamu hilo.

Nyumbani aliwaeleza yote. Mumewe, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa mtu wa hesabu fupi, alisema jambo ni rahisi: leo Jumatano, keshokutwa Ijumaa. Apokee pesa, achukue miwani, halafu Jumamosi aseme ukweli wote apendao, na tena atakuwa anauona vizuri. Binti akatikisa kichwa. Malipo yakitoka, ripoti hufungwa, na ikifungwa haiguswi tena. Namba saba atabaki namba saba mpaka mwisho.

"Kwani ni wewe uliyemwambia aache mashine wazi?" mume aliuliza.

"Si mimi. Lakini kalamu ilikuwa yangu."

"Kalamu ilikuwa ya huyu," mume akasema akimwonyesha binti kwa kidevu. Binti akasema asiingizwe, yeye aliandika alichoambiwa. Walibishana kidogo, na chai ikapoa. Mama Sindano alijaribu kusali, akaona kila akianza kuomba miwani, ulimi unageuka wenyewe unaomba habari ya mwanamke wa makopo. Akainuka magotini amekasirika, na hakujua amekasirishwa na nani.

Asubuhi yake alimpigia msimamizi wa kampuni, mtu ambaye hakuwahi kumwona, aliyekuwa sauti tu ya haraka haraka. Alimweleza kwamba namba ya keshia aliichukua kwenye risiti na siyo kifuani, na kwamba si huyo aliyemhudumia. Anaomba ripoti isahihishwe.

"Hairekebishiki, mama. Imekubaliwa."

"Imekubaliwa na ina kosa."

"Sikiliza. Ukiniambia hukuona namba ya keshia kwa macho yako, ripoti inakuwa batili. Ikiwa batili, mzunguko umevunjika. Ziara zako sita hazilipwi, na vitu ulivyonunua havirudishwi. Unanielewa? Mimi nakushauri kama mama yangu, unyamaze mpaka kesho."

"Ikiwa batili, duka litaambiwa?"

"Tunaiondoa tu kwenye orodha. Watakachofanya na wafanyakazi wao si kazi yetu."

Mama Sindano alitazama cherehani iliyofunikwa shuka. Ndugu zangu, kukosa ni jambo moja, ila kukosa huku mlango uko wazi na wewe mwenyewe ndiye unayeufunga, hilo halina mfano wake.

"Basi ibatilishe," alisema. "Na uniandikie ujumbe kwamba umeibatilisha, niwe nao mkononi."

"Mama, umeona umuhimu wa kunisumbua, sasa ona umuhimu wa kujitafutia riziki."

"Nimejitafutia miezi miwili. Niandikie, baba."

Ujumbe ulikuja baada ya saa nzima. Ripoti ya sita imebatilishwa kwa ombi la mteja wa siri, mzunguko umefutwa. Chini yake msimamizi aliongeza kwamba akijitambulisha dukani, jina lake litatolewa kwenye orodha ya wateja wa siri moja kwa moja. Akafunga kitambaa kichwani akaenda dukani kujitambulisha.

Ofisi ya meneja ilikuwa chumba kidogo kama kabati nyuma ya rafu za maji ya chupa, chenye feni inayogeuka upande mmoja tu. Meneja alisoma ujumbe mara mbili. Alimtazama Mama Sindano kuanzia kitambaa hadi kandambili, bila shaka akijiuliza kampuni huwaokota wapi wapelelezi wake. Kisha akatuma namba saba aitwe. Akaingia na vumbi la katoni mikononi, akamwona mama wa majani ya chai amekaa kwenye kiti, akaanza kumsalimia, kisha akaelewa. Salamu ikaishia njiani.

"Vizuri," meneja akasema. "Si yeye. Sasa ni nani?"

Mama Sindano hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Mlango ulikuwa wazi, na toka pale alipokaa aliziona kaunta zote tano, na kwenye ya pili alimwona yule wa kitanda, wazi kabisa, hata hereni zake. Vya mbali aliviona.

"Baba, mimi nimekuja kumtoa mtu. Sikuja kumweka mwingine."

Meneja akamrudishia simu yake. Alisema kwa upole kwamba basi hajamsaidia. Bila aliyefanya, kosa linabaki limefanyika, na mashine ilikuwa ya namba saba. Atalifikiria mwezi ujao.

Walitoka pamoja, Mama Sindano na mwanamke wa makopo, wakasimama kati ya rafu za maji. Mama Sindano alianza kuomba msamaha, akaeleza macho yake, risiti, sisimizi wa kwenye kitambulisho. Alieleza na malipo aliyoyaacha, akajuta papo hapo kuyataja, kwa sababu yalitoka kama anamdai mwenzake. Namba saba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusikia, mama, na sina kinyongo cha macho. Lakini umepoteza pesa zako, umeniita mpaka ofisini, na ulipoulizwa neno moja ukaona haya. Huruma yako kwa yule nailipia mimi. Nina watoto wawili na mama mgonjwa. Ungemtaja tu."

Akarudi kwenye katoni zake.

Mama Sindano alibaki amesimama. Maisha yake yote alikuwa ameambiwa kwamba kufunika aibu ya mtu ni jambo jema, na aliamini hivyo, na bado anaamini. Lakini aliona waziwazi kwamba alichokifunika ofisini hakikuwa aibu ya mtu peke yake, alifunika na roho yake isijisikie vibaya. Alikasirika. Aliikasirikia kampuni, na mashine nzito, na meneja anayeogopa karatasi, na keshia aliyemkana mwenzake, na zaidi ya wote alijikasirikia yeye. Akageuka akarudi kwenye kile chumba cha feni, na hakubisha hodi.

"Ni wa kaunta ya pili," alisema. "Mwenye hereni kubwa. Alikuwa kwenye simu anazungumza habari ya kitanda kisicho na mbao. Mwulize kama hakununua kitanda wiki ile."

Meneja aliandika. Mama Sindano hakungoja kuona mwisho wake. Alipopita kaunta ya pili yule keshia alimsalimia, "Shikamoo, mama," na yeye akaitikia marahaba huku akitazama sakafu.

Jumamosi alikwenda kwa mpima macho mikono mitupu. Alimwomba wiki mbili, akapewa moja, na alipotoka pale alijua kwamba moja haitoshi. Alifunua cherehani. Akaanza kushona mapazia na mashuka, vitu vyenye mishono mirefu iliyonyooka ambayo vidole vinaweza kuifuata bila macho, na kila asubuhi binti kabla ya kwenda saluni alimtungia uzi kwenye sindano tano na kuzichomeka kwenye mto. Mapazia hulipa kidogo. Wiki ikaisha, vioo vikatolewa, fremu ikauzwa.

Binti ndiye aliyemletea habari za duka. Namba saba yuko kaunta, na mwenye hereni yuko chini kwenye makopo, tena anasema kwamba kuna mwanga mmoja mzee aliyemloga. Mume akacheka mpaka akamwaga maji ya beseni. Mama Sindano hakucheka. Aliuliza tu kama namba saba alisema neno lolote, binti akasema hapana, mama mkubwa, alinipa chenji mkononi, basi.

Tangu hapo Mama Sindano chumvi huinunua duka la mbali, la mwendo wa dakika ishirini kupanda kilima, naye hulaumu kilima hicho kila anapokipanda.